Asali ya Saa Tisa Mchana

Nilimvunjia mama yangu saumu yake kwa nguvu, saa tisa mchana, mwezi wa Ramadhani, mbele ya shangazi zangu wawili, na mpaka leo sijatubu. Nimeambiwa nitubu. Nimeambiwa matangani na harusini, na wanaonipenda na wasionipenda, na kila mara nimejibu kwamba toba ni ya kosa, na kosa langu nalijua lilipo. Halikuwa kwenye asali.

Sisi ni watu wa Shika Adabu, Likoni ya ndani, kwenye minazi na mihogo. Baba alifariki mapema, mama akabaki kwenye kiwanja cha wakweze pamoja na dada wawili wa baba, ambao walijiona ndio wenye nyumba, wenye kaburi la kaka yao, na wenye mimi. Shangazi mkubwa alikuwa na kauli ya kunitania kila nilipojibu: kwamba mtaa mzima umeshika adabu, ila mimi niliyekuwa nimelala zikigawanywa.

Mama alianza kuumwa nilipokuwa sekondari, miaka ya themanini. Alikuwa na kiu isiyokatika. Alikunywa mtungi baada ya mtungi, akawa anakula na huku anakonda, na sisimizi wakapanga foleni kwenda chooni kwetu. Hospitali ya ng'ambo, mjini, wakasema ni kisukari. Shangazi zangu hawakukubali. Kisukari ni ugonjwa wa matajiri, walisema, utamjuaje mwanamke anayepalilia mihogo? Au basi ni ulafi wake, maana huyu hupika mahamri ya kuuza, na mpika mahamri hakosi kuonja.

Neno hilo la ulafi lilimuuma mama kuliko ugonjwa wenyewe. Niliona anavyoficha mkono akitia kitu mdomoni, hata kama ni ndizi mbichi.

Mwaka huohuo mwalimu wetu wa bayolojia, mtu wa bara mwenye sauti ya kuleta usingizi, alichora ubaoni kitu mfano wa punje ya kunde, ndani yake mistari iliyojikunjakunja. Alisema ni mitokondria, imo tele katika kila chembe ya mwili, na kazi yake ni kuchoma chakula ili mtu apate nguvu. Ni jiko, alisema, akaendelea na mengine. Mimi sikuendelea naye. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Mama, mwili wako una majiko madogo madogo yasiyohesabika. Sukari ndiyo kuni zake. Kwako kuni zimerundikana nje, ndani hazifiki."

"Nani azizuia?"

"Yule wa kuzipokea amechoka."

Aliendelea kukuna, kisha akauliza pole pole, "Basi si ulafi wangu?"

"Si ulafi wako."

Tangu siku hiyo nilikuwa na kesi moja duniani, nami nilikuwa wakili wake. Shule iliponishinda kwa karo nilipata kazi kwenye zahanati moja ya mtu binafsi huko Magongo, kwanza kuosha vioo vya maabara, halafu kupima. Kipimo cha mkojo kilikuwa rahisi: matone machache ndani ya dawa ya buluu, ukachemsha. Ikibaki buluu, salama. Ikigeuka kijani, jihadhari. Ikiwa rangi ya tofali, balaa. Nilipewa chupa ndogo ya dawa ile, nikawa nampima mama nyumbani juu ya jiko la makaa, na shangazi mdogo akatangaza mtaa mzima kwamba msomi wetu anapika mikojo. Kila wiki ilikuwa tofali. Mama alimeza vidonge vya hospitali na tofali likabaki tofali. Kisha kidole gumba cha mguu wa kushoto kikapata kidonda, kikagoma kupona, kikaanza kunuka. Daktari aliutazama mguu, akanitazama mimi, akasema sukari isiposhuka kisu hakitaishia kidoleni.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Mchina.

Alikuwa amekodi chumba kando ya barabara ya Magongo, juu ya duka la vipuri, katikati ya miaka ya tisini. Watu wa zahanati yetu walimcheka. Nilipanda ngazi wakati wa chakula cha mchana, nikiwa nimejiandaa kumcheka na mimi. Alikuwa mzee mkimya, Kiswahili chake kichache lakini kila neno amelinunua kwa jasho. Nilimweleza habari za mama: kiu, kukonda, kidonda. Alitikisa kichwa akasema, "Kwetu jina lake ugonjwa wa kiu. Zamani sana." Juu ya meza yake palikuwa na karatasi za utafiti, maandishi ya Kichina kitupu, na katikati ya ukurasa palikuwa na mchoro wa punje ya kunde yenye mistari iliyojikunja.

Niliweka kidole pale. "Hii naijua," nikamwambia. "Hii ni mitokondria."

Alifurahi kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha ya kwao. Alieleza kwa mikono zaidi kuliko maneno. Wazee wao walisema ndani ya mtu kuna moto, na moto ukififia chakula hakigeuki nguvu, hukaa tu kikiozesha mwili. Sasa wasomi wao wa maabara wanachukua mizizi ileile ya wazee na kuijaribu kwenye chembe, kuona kama jiko litawaka vyema. Hakusema wameshathibitisha. Alisema wanatafuta. Mimi nilisikia kuthibitisha, na hilo ndilo nalotaka lijulikane. Niliona mchoro wa daftari langu kwenye karatasi ya watu wa mbali, kiburi kikanijaa. Aliomba mkono wangu, akashika mapigo, akatazama ulimi, akasema, "Wewe pia, baadaye." Nilisoma miaka mingi mbele kwamba majiko yale mtu huyarithi kwa mama peke yake, baba hachangii. Wakati ule nilimtolea tu mkono wangu nikataka dawa.

Alinipa mbili: unga wa manjano wa mizizi aliousaga mwenyewe, na vidonge vyeusi vidogo vilivyokuja kwenye boksi lililofungwa tangu kwao.

Mama alionja ule unga akafumba macho. "Mwarobaini ni sharubati," akasema. Lakini nilipomwambia jina la ugonjwa kwa Wachina, aliuliza nirudie. "Ugonjwa wa kiu. Basi huyo kanijua."

Shangazi mkubwa hakumjua wala hakutaka kumjua. "Kombe la Kurani umeacha kumnywesha, mwarobaini umeacha, wenda kuchukua dawa ya watu ambao hata lugha yao huifahamu."

"Na ile ya hospitali, lugha yake waifahamu, shangazi?"

"Ulimi huo utakuponza."

Wiki ya tatu, dawa ya buluu ilichemka ikaishia kijani. Wiki ya tano ikabaki buluu. Nilitoka nje na kile kioo mkononi nikamwonyesha shangazi mdogo, kisha jirani, kisha mwanamke aliyepita na ndoo ambaye hakujua hata anaonyeshwa nini. Kidonda kikaanza kukauka kingo. Nilikuwa mtu asiyeongeleka. Nilitembea zahanati nzima nikiwauliza walionicheka wamemponya nani.

Kisha Ramadhani ikaandama.

Daktari wa hospitali alikuwa ameshamkataza mama kufunga. Nami nikamkataza. Alinisikiliza akimaliza kukunja kanga, akasema, "Mimi nimefunga tangu sijavunja ungo. Nile mchana, wale wanione? Waseme ulafi sasa umempanda mpaka Ramadhani?" Ningeendelea kubishana, lakini kipimo kilikuwa buluu, na mwenye kioo cha buluu hudhani amemaliza. Nilimwacha afunge. Sikumuuliza dawa atazimezaje.

Alizimeza hivi. Vidonge vya hospitali vilikuwa vya asubuhi na jioni. Vyeusi vilikuwa mara tatu kwa siku. Unga, asubuhi na mchana. Kwa kuwa mchana hakipiti kitu kooni, na jioni baada ya kufuturu huja wageni, taraweha na usingizi, mama alizikusanya zote pamoja akazimeza wakati wa daku, juu ya kikombe cha uji, ili mchana dawa ziwe zinafanya kazi yake naye anafanya yake. Ukimuuliza mtu yeyote wa kwetu atakwambia ni hesabu ya busara. Nusu ya wagonjwa wa mtaa walikuwa wakifanya hivyohivyo, na mimi, mtu wa maabara, niliishi na mmoja wao nyumba moja nisijue.

Kumi la kati la mwezi, niliruhusiwa kutoka kazini mapema. Nilifika nyumbani saa tisa kasoro. Ubani niliusikia tangu njiani. Ndani, mama alikuwa kwenye mkeka, shangazi mdogo amempakata kichwa, shangazi mkubwa anazungusha chetezo. Mama alikuwa anasema maneno yasiyo na mwisho, anarusha mkono kama anafukuza kuku, na alipofungua macho alinitazama asinijue.

"Kapanda pepo," alisema shangazi mkubwa. "Hataki hizo dawa zako za kigeni. Twamngoja fundi wa pepo aje amsemeze."

Niligusa paji la uso. Lilikuwa limelowa, baridi, na kanga yake ilikuwa imelowa mgongo mzima. Jasho hilo nililijua. Zahanati waliwahi kumleta kuli mmoja katika hali ileile, amejidunga sindano ya kisukari bila kula, na daktari hakuuliza pepo wala nini. Alimpaka sukari mdomoni. Sukari ya mama ilikuwa imeshuka kupita kiasi; majiko yake yalikuwa hayana kuni hata kijiti.

Nilikwenda kabatini nikatwaa chupa ya asali iliyowekwa ya futari. Shangazi mkubwa aliona, akaja akanishika kiwiko.

"Wafanyani?"

"Nampa asali."

"Huyu ana sukari, nawe wampa asali? Tena na saumu mdomoni? Wataka kumuua mamako umpeleke na dhambi?"

"Niache, shangazi."

"Wallahi sikuachi."

Nilimsukuma. Naandika wazi: nilimsukuma dada wa baba yangu, mwanamke aliyenibeba mgongoni, akakaa chini juu ya magunia ya muhogo. Sikungoja kuona kama ameumia. Nilipiga magoti, nikachovya kidole kwenye asali, nikampaka mama ndani ya shavu na juu ya ufizi, kidogo, kisha tena, kisha tena. Alining'ata. Niliendelea. Shangazi mdogo alikuwa analia na kusoma kwa pamoja, nami nilihofu kwamba labda wao ndio wenye haki, na mimi namuua mama yangu kwa kidole changu mwenyewe.

Nilimaliza karibu robo chupa. Mkono wake ukaacha kurusha. Macho yakatulia kwenye dari, yakashuka, yakanifikia. Alilamba midomo.

"Kushaadhiniwa?" akauliza.

Alitazama jua la mlangoni, akaona lilipo, akaelewa. Aliugeuzia ukuta uso wake akalia kilio cha chini chini.

Hakusema nami mpaka Idi. Alipokea chai yangu, alipokea maji, alinyosha mguu nimfunge kidonda, yote bila neno. Kikao cha ukoo kikakaa. Niliagizwa kumwomba shangazi mkubwa radhi kwa kumsukuma na kumwomba Mungu toba kwa asali. La kwanza nililifanya, nikambusu mkono, na nilimaanisha. La pili nililikataa palepale kwenye jamvi, wakaondoka wakisema hasara ya kusomesha wanawake.

Mama aliponieleza baada ya Idi alivyozimeza dawa, nilirudi kwa Mchina nikiwa nimekasirika vya kutosha kuvunja ngazi zake. Aliposikia dawa zilivyomezwa alikaa chini. Alinionyesha mizizi ya ule unga, droo kwa droo, niishike, niinuse. Vile vyeusi alisema anavipokea vimefungwa, hajui kiwandani hutiwa nini. Daktari wetu alinambia huenda vidonge vya namna ile vina dawa ya hospitali iliyosagwa ndani, kwa hiyo mama alikuwa akimeza kitu kimoja mara mbili. Maabara yetu haikuwa na uwezo wa kupima hilo. Hata leo sijui. Wapo wanaotaka niseme Mchina ni tapeli, na wapo wanaotaka niseme mizizi ndiyo tiba na hospitali ni biashara. Siwaridhishi hao wala hao. Sasa kila ninachopewa, kiwe na muhuri wa serikali au kimefungwa kwa gazeti, nauliza ndani mna nini, na anayenipa amejuaje. Asiyejua aseme hajui, kama yule mzee alivyosema.

Vyeusi niliviacha. Kidole gumba mama alikipoteza. Mguu alibaki nao.

Ramadhani iliyofuata ilipokaribia, sikumwambia kitu. Sikuwa na haki tena ya kumwambia, au nilijiona hivyo. Siku ya kwanza ya mwezi, asubuhi, aliniita akaniagiza nipime vibaba thelathini vya mchele, nipeleke kwa mjane mmoja nyuma ya msikiti, nimwambie ni fidia ya siku asizofunga. Nilipima. Saa sita mchana akatoa kiti chake akakiweka barazani, pale shangazi zangu hupita wakienda kisimani, akaniambia nimletee chakula. Nilimletea samaki, mchicha na kipande kimoja cha muhogo. Alikula taratibu, mkono haufichi.

Shangazi mkubwa alifika na ndoo yake, akasimama. Alitazama sahani, akatazama njia kama kuna mtu.

"Wifi, jisitiri basi. Watu wapita."

Mama alitafuna akameza kwanza.

"Mwaka jana nalijisitiri," akasema. "Kidogo munisitiri kwa sanda."

Shangazi aliiweka ndoo chini, akavuta kigoda, akakaa kando yake na saumu yake mdomoni mpaka mama alipomaliza kula, na kila aliyepita njiani aliwasalimia wote wawili.