Nilitoa ushuhuda wa kifungo kisichokuwa changu

Admin, ficha jina langu na la chama. Mengine yaache kama nilivyoandika.

Leo ni Jumapili ya pili ya Novemba. Ni miaka minne na miezi miwili tangu nitoke nyumbani, upande wa Fizi, Kongo, nikaja hapa Bujumbura kutafuta maisha. Nina miaka ishirini na sita. Shule niliacha darasa la sita, mnisamehe nikiandika vibaya. Kwa muda mrefu nilikuwa yede, yaani msaidizi wa mafundi wa kujenga: kuchanganya simenti, kupandisha matofali, kuosha karai jioni. Mwili wangu ni mdogo na ndevu hazijaota. Hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwaka jana tulikuwa tunajenga ukuta wa chama kimoja huko mtaa wa Kamenge. Serikali ilikipa chama hicho msaada wa kuwafundisha kazi vijana waliofungwa wakiwa wadogo wakatoka, ili wasirudi gerezani. Walijifunza uashi palepale kwenye ukuta wetu, ndiyo maana niliwajua. Mmoja, nimwite Fiston, tulikula maharage sahani moja kila mchana. Alinieleza maisha yake kidogo kidogo. Alikamatwa na miaka kumi na tano kwa wizi wa simu ya jirani sokoni Jabe, akakaa ndani muda mrefu akingoja kesi, akilala kwa zamu kwa sababu nafasi haikutosha. Alipotoka alikuta bibi aliyemlea ameshazikwa. Haya aliniambia mimi peke yangu. Ukimuuliza jambo mbele ya watu, anatazama miguu yake.

Siku moja mama kiongozi wa chama alitujia mbio. Wageni wa wizara walikuwa njiani, wanakuja kuona kama msaada uendelee, na walitaka kusikia ushuhuda wa kijana mmoja. Alikuwa amemfundisha Fiston kusema asubuhi nzima, naye hakutoa hata sentensi moja.

"We yede, si unaongozaka maombi kule Gasenyi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi unajua kusema. Uko na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na sita."

"Leo uko na kumi na nane."

Fundi wetu mkuu akacheka. "Mama, huyu hata umupe kumi na mbili. Ndevu zilimukatala."

Wageni walipofika, nilidhani nitasema maneno mawili niketi. Lakini sisi tuliokulia kwenye vyumba vya maombi tunajua ushuhuda unavyokwenda. Unaanza polepole, unashuka chini kabisa, unanyamaza kidogo, watu wanaanza kulia. Nilisema simu ya jirani. Nilisema kulala kwa zamu. Nilipofika kwa bibi nililia machozi ya kweli, na mgeni mmoja akavua miwani. Fiston alikuwa ameketi kiti cha tatu, anasikia maisha yake yakitoka kinywani mwangu.

Wageni walikuja na mfuko mmoja tu wa vifaa vya uashi, wa kumpa kijana atakayesema: mwiko, timazi, pima maji, nyundo. Niliupokea kwa mikono miwili, nikapigwa picha. Walipoondoka nilingoja mama kiongozi aniambie niurudishe. Alisema, "Chukua, umeokoa chama. Fiston atapata mwingine." Hajapata mpaka leo. Na mimi sikukataa, huo ndio ukweli. Miaka mitatu nilikuwa naazima mwiko wa watu.

Kwa vifaa hivyo nimekuwa fundi. Fiston alimaliza mafunzo mikono mitupu, hakuna aliyemchukua kama fundi. Sasa ni yede wangu, ananibebea simenti. Siku ya kwanza nilijua atanitukana. Alisema tu, "Uliisema muzuri. Mi singeweza." Kisha akauliza nataka matofali mangapi.

Labda ningezoea. Lakini mwezi uliopita ile picha, yenye maneno "kijana aliyetoka gerezani", ilifika nyumbani kwenye simu ya shemasi wetu. Mama akanipigia.

"Mutoto wangu, ulifungwa na haukuniambia?"

Kabla sijajibu akauliza tena.

"Uliiba nini?"

Kama ningesema sikufungwa, angeuliza picha ni ya nini. Nikasema, "Simu ya jirani, mama. Lakini kesi ilikwisha."

Alilia sana. Kisha akasema, "Mi ni mama yako. Nimekusamehe."

Sasa kanisa zima linajua. Wameshanunua mbuzi wa shukrani ya kutoka kwangu gerezani, Jumapili ya kabla ya Noeli, na mchungaji amenipangia nafasi ya kutoa ushuhuda. Mama kwenye simu anasema anafurahi. Dada yangu ameniambia kwamba mama haketi tena viti vya mbele na wamama wenzake.

Nikimwambia mama ukweli, atajua sikuiba simu ya mtu yeyote, ila nilichukua kitu cha mtu aliyetoka gerezani hana hata bibi. Sijui lipi litamuumiza zaidi. Nikienda kusema kwa wale wageni, naogopa msaada utakatwa, na vijana wanaojifunza sasa watarudi mitaani kwa sababu yangu. Niliwaza kumpa Fiston ule mfuko kimya kimya. Lakini mwiko umeshalika kwa kazi, umebaki nusu, na nitampa kama zawadi? Kitu ni chake.

Ninyi mnaonisoma, wakubwa kwa wadogo, sitaki mnihurumie. Nishaurini tu nianzie kwa nani: kwa mama, kwa Fiston, au kwa wale wageni. Narudi nyumbani Alhamisi ya kabla ya shukrani hiyo, nimeshaomba ruhusa kazini. Fiston amesema atanisindikiza mpaka kwenye gari, anibebee mfuko wa safari.