Hoho Nne kwa Magoti ya Shosho

Kuna watu hapa Njoro ambao hadi leo wakiniona sokoni huniuliza bei ya pilipili, na mimi siuzi pilipili, kwa hivyo acha niwaambie aibu yangu mwenyewe, maana huko nje imeshaongezwa chumvi (kana kwamba pilipili haikutosha).

Shosho, yaani bibi yangu, ana arthritis, ule ugonjwa wa viungo, kwenye magoti. Kuna Jumapili moja alikuwa avishwe kitambaa cha chama cha akina mama kanisani, jambo aliloahirisha mara nyingi kwa sababu lazima upige magoti, naye aliapa hatavishwa akiwa ameketi "kama mgeni." Basi mimi, niliyejifunza mitishamba peke yangu kwa simu (na ninayepanga vijiko kwa urefu), nikaamua atapiga magoti.

Dawa nilielekezwa na jirani yetu Mama Zuhura, mzaliwa wa Mombasa: tangawizi, manjano na pilipili hoho nne, zichemke polepole kwa mafuta ya nazi. Nikanunua hoho nne kubwa za kijani. Shosho akapakwa, akanusa. "Wairimu, hii ni dawa ama ni mboga?"

Mama Zuhura aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, kwetu hoho ni zile ndogo ziwashazo! Hayo madude yenu ni ya saladi."

Mtu wa kawaida angechukua pilipili nne ndogo, yaishe. Mimi nilikuwa nimeshazipima hoho zangu kwa mizani, nikasema kipimo ni kipimo, nikapima pilipili kali uzito uleule. Zikajaa bakuli. Nikazipika nimevaa glavu, nikikohoa, na hata hapo sikushtuka.

Jumapili nikampaka Shosho nyuma ya kanisa, nikavua glavu, nikamvutia soksi zake ndefu juu. "Inapasha moto vizuri," akasema, na kweli alienda mbele bila fimbo, akashuka, akapiga magoti. Nililia kwa furaha, nikapangusa machozi kwa vidole vilivyoshika soksi, na kwa muda sikuona tena, nilisikia tu.

Nilisikia "Ui!" halafu "Uuui!" halafu viatu vikigonga sakafu. Shosho alikuwa ameruka, jamani, mtu wa fimbo! Akapita katikati ya viti mbio akielekea kwa tangi la maji, na akina mama wakapiga vigelegele. "Amepona! Bwana asifiwe!" Pasta, akiniona ninavyotokwa na machozi, akaniwekea maikrofoni mdomoni. "Mjukuu, tuambie Bwana ametenda nini."

Ningesema amina tu nikae.

"Pasta," nikasema, na spika zikaipeleka sauti yangu hadi barabarani, "si Bwana. Ni pilipili."

Kisha mzee mmoja wa nyuma: "Pilipili gani?"

"Hoho," nikajibu, wakazidi kuchanganyikiwa.

Maji hayakumsaidia Shosho. Mke wa pasta alileta maziwa yaliyowekwa kwa ajili ya chai, tukamwosha nayo akiwa ameketi kwenye kreti ya soda, magoti ya manjano, nguo yake nyeupe ina madoa mawili ya manjano. Moto ulipopungua ndipo akaanza kulia. "Na sikuvishwa," akasema. Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama wakati huo.

Mwenyekiti wa akina mama, mtu mzito na mwenye magoti yake mabovu, akashika tangi, akashuka taratibu mpaka chini kwenye matope ya maziwa. Wengine wakafuata. "Mama, leo wewe keti," akamwambia, akimfunga kitambaa. "Magoti tunayo sisi."

Siku hizi Shosho anaenda kliniki, na tangawizi nampa kwenye chai tu. Nimeapa: chochote nitakachopika kitaanza kwa goti langu, kidogo, na nitauliza mara mbili jina la kila kiungo. Ila madoa ya ile nguo sijaweza kuyatoa. Nimejaribu jua, nimejaribu ndimu, na juzi nilikuwa nimeshaiweka kwenye beseni nijaribu jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, Shosho akaninyang'anya.

"Wacha," akasema. "Hapo ndipo nilipiga magoti."