Lornah Naswa na Mpira Uliopasuka

Watu wa mji huu wana midomo. Tangu Agosti nawasikia wakisema Lornah Naswa amezeeka, miguu imemwisha, ameshindwa na mtoto wa juzi. Kinywa jumba la maneno, nawaacha. Lakini siku ile mimi ndiye niliyeketi pale juu na kalamu ya refa mkononi, na anayetaka kujua kilichomwangusha Lornah aje aniulize mimi, asiwaulize wauza mitumba.

Jina langu ni Achola, ila wengi wananiita Mama Byron. Kwetu ni Pap Onditi. Kwa miaka thelathini nimefanya kazi katika klabu moja ya zamani hapa Kisumu, upande wa ziwani, na kazi yangu ni chumba cha skwoshi. Napiga deki sakafu na kufuta kuta, maana wachezaji wana tabia mbaya ya kufutia jasho la viganja ukutani. Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Watu wawili wanafungiwa chumbani na raketi, wanapiga ukutani kwa zamu kijipira cheusi cha raba. Ukikiacha kidunde mara mbili, au ukikipiga kwenye bati lililo chini ya ukuta wa mbele, pointi imekwenda. Anayefikisha pointi kumi na moja amechukua seti, ila wakifungana kumi kwa kumi mpaka mmoja azidi kwa mbili, na mwenye seti tatu ameshinda mechi.

Lornah alinijia akiwa na miaka tisa. Mama yake, Nabututu, alikuwa Mbukusu aliyehamia Nyalenda, na alifua taulo za klabu. Mtoto akitoka shule anamngoja mama yake nyuma ya jikoni, na huko anagusa kila kitu, mara sufuria, mara koki ya gesi. Yawa, mtoto yule alinichosha. Siku moja nikampa raketi kuukuu iliyokatika nyuzi mbili, nikamwambia aje huku apige ukuta badala ya kutuchomea klabu.

Mipira je? Mwanachama akipasua mpira huutupa, na mimi nilikuwa nauokota. Saa nane mchana, wanachama wakiwa mezani, tulikuwa na dakika arobaini za kucheza na ile mipira mibovu. Mpira uliopasuka haurudi vizuri. Unadunda kidogo, unalala. Ukitaka kuufikia ni lazima ukimbie mbele na uiname mpaka goti liguse sakafu, na hivyo ndivyo Lornah alivyojifunza kucheza karibu na bati, mipira mifupi ambayo mpinzani huifikia imeshakufa. Masikio yake pia yalifunzwa hapo. Mpira mzima ukigonga ukuta unasema pa. Uliopasuka unasema pfu. Mwanzoni ufa huwa mwembamba kama unywele na jicho halioni kitu, lakini sisi wawili tulikuwa tunaujua kwa sikio kabla hatujauokota.

Kila kitu kina gharama yake. Alipokwenda Nairobi kwa mashindano ya kwanza, akiwa na miaka kumi na mitano, walifungua mpira mpya kutoka boksini. Mpira ule uliruka kama panzi, ukampita kichwani, akafungwa upesi hata sijamaliza chai yangu. Nilimgombeza njia nzima ya kurudi, mpaka Kericho. Baadaye niliona aibu, kwa sababu mpira mpya wa kumfundishia ningeutoa wapi? Udhaifu huo haukumtoka hata ukubwani. Kila mechi alianza kwa shida, mpira ukiwa bado mgeni. Ukishachakaa, mechi inakuwa yake.

Alikuwa bingwa wa Kenya mara nne. Nasema tena kwa wenye masikio mazito, mara nne. Lakini hakuwahi kuvaa jezi ya taifa nje ya nchi. Mara ya kwanza pasipoti yake ilichelewa. Mara ya pili goti lilivimba wiki moja kabla ya safari. Mara ya tatu wateuzi walimchukua msichana mwingine na hawakumwambia hata kwa nini. Kila mara alirudi kufundisha watoto wa wanachama kushika raketi, akicheka nao, na mimi nikienda nyuma ya jikoni kulia hasira zangu.

Mwaka huu mashindano ya taifa yaliletwa Kisumu, kwenye chumba kile kile nilichokuwa nakipiga deki. Timu ya kwenda mashindano ya Afrika kule Misri ilikuwa imebakiza nafasi moja ya wanawake, na wateuzi walitangaza mbele ya watu wote kwamba nafasi hiyo ni ya atakayeshinda fainali. Lornah alikuwa na miaka thelathini na minne na goti la kufungwa bandeji. Aliniambia waziwazi kwamba akikosa hii, hakuna nyingine.

Asubuhi ya fainali, refa waliyemleta kutoka Nakuru, Griffin, aliamka na malaria. Mimi nilikuwa nimesomea urefa na cheti ninacho, kwa hiyo wakanijia. Wakauliza kama mchezaji yeyote ni ndugu yangu. Nikawajibu kwamba mimi ni Mjaluo wa Pap Onditi na Naswa ni Mbukusu, undugu wanauona wapi? Wakacheka, wakanipa kalamu. Nilijua ninachofanya. Mtoto niliyemlisha miaka yote ile, nikamkana kwa mzaha ili nikae karibu naye.

Mpinzani alikuwa Debra Amolo, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Nairobi, mwenye nguvu na adabu, sina neno baya juu yake. Alichukua seti ya kwanza mpira ukiwa bado mpya. Lornah akachukua ya pili na ya tatu. Debra akachukua ya nne. Ya tano ilikwenda pointi kwa pointi. Goti la Lornah lilikuwa limeanza kumsaliti. Nilimwona akishuka kwa mguu mmoja. Nabututu alikuwa ameketi nyuma yangu, ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili, na kila pointi alikuwa ananigusa bega kuuliza nani anaongoza.

Ikafika kumi kwa tisa, Lornah akiongoza. Pointi moja tu.

Walipigana kwenye pointi ile mpaka watu wakaacha kupumua. Mipira ishirini, labda zaidi. Debra akapiga mmoja kwa nguvu zake zote, na mpira ulipogonga ukuta nikasikia pfu.

Sheria iko wazi: mpira ukipasuka katikati ya pointi, pointi hiyo inarudiwa kwa mpira mwingine, na refa akijua anasimamisha. Mimi nilijua. Nilinyamaza. Lornah akausogelea mpira ule mbovu, mpira wa utoto wake, akaugusa kidogo juu ya bati, ukalala. Debra alirusha raketi mbele na hakuufikia.

Klabu nzima ikasimama. Nabututu alinipiga mgongoni akipiga vigelegele. Debra mwenyewe alishavua kitambaa cha mkononi aje kumpa mwenzake mkono, kwa sababu yeye hakusikia kitu. Atasikiaje? Huyo tangu azaliwe anafunguliwa mipira kutoka boksini.

Lornah hakuinua mikono. Aliokota mpira, akasimama nao, halafu akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu. Nami nikashusha macho kwenye karatasi, nikajifanya naandika. Nilimtaka aende Misri. Nilimtaka aende hata kama ni kwa wizi, na wizi wenyewe uwe wangu, si wake. Nikafungua mdomo nitangaze mshindi.

"Refa," akasema. Tangu nimjue hajawahi kuniita hivyo. "Mpira umepasuka."

Kelele zilikatika. Nilimwomba anirushie ule mpira. Nikaufinya mbele ya watu, na ufa ukafunguka kama mdomo wa samaki. Sikuwa na la kufanya. Nikatangaza pointi irudiwe, hesabu ikiwa ile ile, kumi kwa tisa, na nikafungua boksi la mpira mpya.

Wewe unayesoma umeshajua mpira mpya ulikuwa na maana gani kwake. Yeye alijua zaidi. Waliupasha moto dakika chache kama ilivyo desturi, lakini bado uliruka. Mipira yake mifupi haikulala tena, ilinyanyuka mpaka kifuani kwa Debra kama zawadi. Kumi kwa kumi. Kumi na moja kwa kumi, Debra anaongoza. Lornah akajitupa, akaipata moja kwa kusukumwa na roho tu, wakawa sawa. Kisha goti likakataa. Kumi na tatu kwa kumi na moja, na ni mimi niliyelazimika kulitaja jina la Debra kwa sauti.

Nabututu aliniuliza kwa nini pointi ya mtoto wake imerudishwa. Nikamweleza. Akasema hataki kuniona leo, akashuka ngazi akishika ukuta.

Nilimkuta Lornah kwenye benchi la nyuma watu wakiwa wameshaondoka, anafungua bandeji ya goti. Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno mengi, kwamba hakuna aliyejua, kwamba amejikaba koo mwenyewe, kwamba uungwana haumvishi mtu jezi. Lakini nilipofika karibu hasira yote ikaniishia, nikabaki na aibu.

"Nyathina, mwanangu," nikamwambia, "hata mimi niliusikia."

Aliendelea kuzungusha bandeji mkononi mpaka ikaisha.

"Najua, Mama Byron," akasema. "Ndiyo maana nilikutazama. Nilikungoja useme wewe, ninyang'anywe pointi na sheria kama watu wengine. Uliponyamaza, ikabidi nijinyang'anye mwenyewe."