Taa Nyekundu ya Knarik

Kila asubuhi Knarik hulipita duka la mkate lililo chini ya nyumba yake, huvuka barabara na kutembea hadi duka la pili, ambalo mkate wake ni mgumu zaidi. Sisi wa mtaa huu wa Glendale tumeshazoea. Duka la karibu ni la Samvel, na jioni Samvel hufundisha vijana kunyanyua vyuma. Knarik ni mwamuzi wa mchezo huo. Mwamuzi hali mkate wa kocha, hasa kocha asiyeweza kumuuzia mtu mkate mmoja bila kumwongezea wa pili bure.

Nilimfahamu Knarik vizuri katika ofisi ya wakili Talin, ninakotafsiri nyaraka. Kibali chake cha kukaa Marekani kilikuwa kinaisha Oktoba. Ili abaki, ilimbidi aithibitishie idara ya uhamiaji kwamba ana uwezo wa kipekee, kwamba yumo miongoni mwa wachache walio juu kabisa katika kazi yake.

"Magazeti yamewahi kukuandika?" Talin alimuuliza.

"Mara moja. Yalisema nipelekwe kwa daktari wa macho."

Ilikuwa kwao Gyumri, mji aliozaliwa, kabla hajaja Marekani, katika fainali ya taifa. Samvel, wakati huo kijana wa mtaa wa Knarik mwenyewe, aliinua uzito ambao ungempa dhahabu. Waamuzi huwa watatu. Mmoja aliwasha taa nyeupe ya kukubali, wa pili nyekundu ya kukataa, kikabaki kidole cha Knarik. Kiwiko kikipinda vyuma vikiwa juu, kisha kikasukumwa kunyooka, jaribio halihesabiwi. Ukumbi wote ulikuwa jamaa na majirani, wamesimama, wanapiga kelele. Knarik akabonyeza nyekundu. Mama yake hakusalimiwa sokoni mwaka mzima.

Talin aliweka kalamu chini. "Huyo Samvel ndiye atuandikie barua ya kushuhudia uwezo wako."

"Siombi kitu kwa kocha ambaye naamua mashindano ya vijana wake."

"Basi acha kuyaamua," Talin akasema kwa utani.

Knarik hakucheka. Kesho yake aliwaarifu wakubwa wa mchezo kwamba hataamua tena vijana wa Samvel wakishindana. Ndipo akanichukua, tukaingia dukani.

Samvel alikuwa na unga hadi kwenye nyusi. "Ala! Leo macho yamepona, dada Knarik? Umeuona mlango?"

"Hayajawahi kuumwa. Nimekuja kuomba barua."

"Miaka yote hii hutaki mkate wangu, leo unataka barua?"

"Nilikuwa naamua vijana wako. Sasa basi, nimejitoa."

Samvel akajifuta mikono. "Nitaandika. Lakini nitaandika ninavyojua mimi. Kiwiko changu kilinyooka, na sijakusamehe."

"Andika hivyohivyo."

Akaandika hivyohivyo. Barua ilianza kwa kusema kwamba Knarik alikosea. Kisha ikasema kwamba yeyote aliyetaka kuishi kwa amani katika mji ule angewasha nyeupe. Kwamba katika nchi zote alikoshindana, Samvel hakuona mwamuzi mwingine wa namna hiyo. Na kwamba aliwapeleka vijana wake mbele ya Knarik bila wasiwasi, kwa kuwa aliyemnyima dhahabu mtoto wa jirani hawezi kununuliwa na mtu.

Talin alitaka kukata sentensi ya kwanza. "Hii 'alikosea' inatumaliza, shangazi. Nitamwomba aiondoe."

"Iache," Knarik akasema. "Ukiikata haitakuwa barua yake, itakuwa yako."

Talin aliisoma tena, taratibu. Halafu akaitoa katikati ya jalada na kuiweka juu, juu hata ya vyeti vya kimataifa. "Afisa akianza hii, ataimaliza," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze nilimwona akitabasamu.

Tuliipeleka posta mimi na Knarik. Alitoka akitembea haraka, akinisimulia mashindano ya Bogotá aliyoalikwa kuamua masika yajayo, na kuniuliza kama kule kutakuwa na baridi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa na swali moja, nikakosa ujasiri wa kuliuliza. Kwenye taa za barabarani aliposimama, nikauliza.

"Shangazi, kiwiko kilipinda kweli?"

"Kilipinda," akasema.