Mita ya 214

Huguette Chabanel alianza ufundi umeme kwenye kiwanda cha hariri, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wanne. Kiwanda kilipofungwa, akaajiriwa kwenye kinu kimojawapo cha nyuklia kando ya Mto Rhône, Ufaransa. Miaka kumi na tisa akawa anatembea kwenye handaki la nyaya, kamera ya joto mkononi, akiwinda waya unaochemka kabla haujawaka.

Asubuhi walipowasha mtambo wa uzi wa kioo upitishao mwanga, mwembamba kama unywele, uliotandazwa juu ya nyaya kupima joto la kila mita, Huguette alishindwa kabisa kukaa. Mstari ukajichora kwenye skrini, shwari. Ulipofika mita ya 214, ukanyanyuka: pale palikuwa na joto.

"Ona! Thibaut, ona pale!"

Injinia Thibaut Reynaud, bosi wake aliye sawa na mwanawe kwa umri, akacheka. "Bi Huguette, hilo si bomba la mvuke tu?"

"Bomba liko mita ya 190. Nimeligonga kwa kichwa mara ngapi mimi!"

Alishafika mlangoni. Thibaut akamfuata mbio, kofia mkononi.

Handakini kamera haikuona kitu, maana pale nyaya zilifungwa blanketi zito la kuzuia moto. Huguette akavua glavu, akaligusa.

"Lina joto! Limezuia moto wa nje, na joto la ndani nalo limekosa pa kutokea. Piga simu wakate umeme."

Umeme ukakatwa, blanketi likafunguliwa. Ganda la waya lilikuwa kahawia, limepasuka kama mguu wenye magaga. Ulikuwa waya wa pampu ya kupoza kinu. Vidole vitatu pembeni yake ulilala waya wa pampu ya akiba.

Thibaut akapima nafasi ile kwa vidole. "Zingeungua zote mbili, kinu kikakosa cha kukipoza."

"Kwa mpigo mmoja!" Huguette akapiga makofi, hajui ni kwa hofu au furaha. "Lakini tumeuwahi, kijana! Tumeuwahi!" Akamkumbatia mpaka kofia ikamdondoka.

Baada ya wiki mbili waya mpya ulishawekwa, na ule wa akiba umehamishiwa ukuta wa pili. Thibaut akaja na jibini la mbuzi kutoka kwa mama yake.

"Nilikudharau, Bi Huguette. Nisamehe."

"Nimekusamehe, ila jibini silirudishi." Akalitia mfukoni. "Twende. Uzi wa handaki la pili umefika, mita mia sita nzima!"

Akaanza kushuka ngazi kabla hajajibiwa.