Breki za Bi Rukia kwenye Mteremko wa Feri

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa mikono miwili na akaniachia ikiwa mizima hadi uzeeni. Rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Nilianza kazi Changamwe, kwenye yadi ya malori. Siku ya kwanza Fomeni, msimamizi wetu, alinipa kitambaa cha kufutia grisi na maneno haya: "Gari likikataa kuwaka, mwenyewe atakutukana. Likikataa kusimama, hatapata nafasi ya kukutukana." Wenzangu walicheka. Mimi niliyaweka moyoni.

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni nilihamia gereji moja ya Likoni, chini ya Fundi Mkuu. Huko ndiko nilikomjua Bi Rukia, mkunga mstaafu wa Mtongwe, na gari dogo la Kiingereza aliloachiwa na marehemu mumewe. Lilikuwa na breki za ngoma, yaani bakuli la chuma lenye vibao viwili vinavyotanuka ndani yake. Maji yakiingia humo hayatoki upesi, na vibao huteleza. Mvua za masika zilimtisha Bi kwenye mteremko wa feri, akataka breki za disk. Hizo ni sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande zote mbili, na maji hufutika mara moja.

Tulipata kalipa, vile vishikio vya pedi, kwenye gari bovu la aina hiyohiyo lililotoka kiwandani baadaye. Jumamosi ya kuzifunga, Fundi Mkuu alikwenda mazikoni, akaniachia nimalizie. Nilifunga kila kitu, nikatoa upepo kwenye mabomba ya mafuta ya breki mara tatu, nne. Pedali bado ilizama kama mguu kwenye tope.

Bi akaja amejipamba, wajukuu wawili nyuma, anakwenda harusini Kisauni.

"Bi, pedali ni laini kidogo. Ukitaka kusimama, kanyaga mara mbili."

"Tokea lini breki ikabembelezwa?"

"Itazoea, Bi."

Akaondoka. Nikaenda kuswali Adhuhuri, na wallahi sikujua nimeswali rakaa ngapi. Kila nikisujudu nawaona wale watoto. Nikairudia swala upya, kisha nikatoka mbio na kanzu yangu hadi foleni ya feri. Gari lake lilikuwa la tatu kutoka getini.

"Bi, nipe ufunguo."

"Una wazimu? Harusi inaningoja!"

"Gari halijawa tayari. Nilikudanganya."

Akazima injini. "Wajukuu zangu uliwaona wamekaa nyuma?"

"Niliwaona, Bi."

Nyuma yetu honi zilikuwa zikilia. Msukuma mkokoteni akapaza sauti, "Oneni fundi anampokonya mteja gari!" Lakini yeye na wenzake ndio walionisaidia kulisukuma kando. Bi alivuka kwa miguu na wajukuu wake, wala hakuniaga.

Alasiri, gari likiwa limesharudishwa gereji, Fundi Mkuu alirudi, akapitisha mkono nyuma ya gurudumu, akaangua kicheko. "Kalipa ya kulia umeifunga kushoto! Nati ya kutolea upepo inatazama chini. Upepo hupanda juu, bwana. Utautoaje kwa chini?"

Tukazibadilisha. Akaketi kwenye usukani, mimi nikalala chini. "Kanyaga! Shika! Achia!" Safari hii pedali ilikuwa ngumu tangu mkanyago wa kwanza.

Bi alikuja Jumatatu. Alikanyaga mara moja, akakanyaga tena. "Panda," akaniambia. Tukashuka mteremko wa feri mvua ikinyesha, na katikati yake akafunga breki. Gari likasimama tuli.

"Kwa ile ya mara mbili sijakusamehe," alisema. "Kwa zile mbio, nimekusamehe." Tangu hapo hakumpa mtu mwingine gari lile.

Nilistaafu nikiwa msimamizi wa gereji Kisauni, nimefunga breki nisizoweza kuzihesabu. Sijasahau aibu ya foleni ile, wala simwombi Mola anisahaulishe. Ewe msomaji, Mwenyezi Mungu akupe ujasiri wa kusema "nimekosea" wakati bado kusema kunafaa, na akufikishe salama wewe na uliowapakia.