Mchungwa wa Gaston

Masengo, jirani yangu katika kambi ya reli hapa Kamina, alikuwa na miti kumi na mmoja ya matunda nyuma ya nyumba yake, na ulimi mkali juu ya miti ya wenzake. Siku ya kwanza tu tuliyojuana aliniambia mndimu wangu nyuma ya choo ni aibu. Sikukasirika. Mndimu ule ulijiotea wenyewe, na mimi ni muuza chumvi na vitenge, uzao wa wafanyabiashara wa Kasongo. Miti niliwaachia wenye subira.

Yeye subira alikuwa nayo, tena ya kugawa. Kambi nzima ilijifunza kwake kuchimba shimo lenye upana mkubwa kuliko kina, kuurudisha kwanza udongo wa juu, kutandaza majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa. Wakati wa kiangazi alitoboa chupa za plastiki kwa msumari na kuzizika karibu na mizizi, ili maji yanywewe taratibu. Vifaa vyake vilienea kwenye beseni moja: jembe, wembe, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vya kufungia miti aliyoibebesha, yaani kijiti cha mti mmoja alichokipachika juu ya mwingine, na mkasi wa kupogolea wa marehemu mumewe, Gaston. Mkasi huo hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Kilichomtia wazimu hasa ni machipukizi ya chini. Mchungwa unabebeshwa juu ya mndimu, kwa hiyo chochote kinachochipua chini ya kifungo, pale miti miwili ilipoungwa, ni ndimu, si chungwa, na ukikiacha kinanyonya mti wote. Masengo aliingia nyua za watu bila hodi kuyavunja.

Gaston alikuwa mtu wa reli. Miaka tisa iliyopita aliugua kazini, kituo cha mbali, akazikwa hukohuko kabla habari hazijatufikia. Masengo hajawahi kuliona kaburi lake. Alichoachiwa ni mchungwa mmoja, ambao Gaston aliubebesha kwa mikono yake wiki moja kabla ya safari ile. Jioni alikaa chini yake akimsimulia mumewe mambo ya siku, na mimi niliyekuwa naanua nguo nilijifanya sisikii.

Mwaka huu kiangazi kilikuwa kikali na kisima cha kambi kikapungua. Masengo akakumbuka pipa ambalo Gaston alilivingirisha zamani kutoka bohari ya kazini, likakaa nyuma ya jiko limezibwa. Sisi wa kambini hatutupi kitu cha reli. Mataruma ni mabenchi yetu, vipande vya chuma ni vizingiti vyetu, na pipa ni hazina. Alipolifungua lilinuka dawa. Alilisuuza mara mbili, akalijaza maji ya akiba, akasema ya kunywa hapana, lakini miti haina pua. Nilicheka, Mungu anisamehe. Na kwa kuwa hana uchoyo, akawaita majirani waje kuchota ya miti yao.

Mwezi wa nane majani yakaanza kuwa ya njano. Masengo akalaumu jua, akaongeza maji. Mipapai ikaanguka, miparachichi ikapukutika, naye akazidi kumwagilia, asubuhi na jioni, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Ndipo Mzee Kabange, aliyefanya kazi na Gaston, alipopita kusalimia. Aliona mstari mwekundu wa rangi kwenye pipa, akamgeukia Masengo.

"Mama Ariane, iyi ni pipa ya dawa ya kuua majani. Tulikuwa tunaimwanga ku reli, majani isiote tena."

Masengo aliketi chini palepale, kwenye vumbi. "Mimi njo niliiua miti," alisema. "Na bantu bote nilibapa ile mayi."

Akazunguka nyumba saba alizozigawia maji yale, kukiri. Wengine walimfokea, mmoja alimfungia mlango. Kwangu alifika mwisho, na ilinibidi nimwambie ukweli: maji yake sikuwahi kwenda kuyachota, kwa uvivu tu. Katika safu yetu yote, mti pekee uliokuwa na afya ulikuwa ule wa aibu nyuma ya choo. Aliuzunguka, kisha kwa mara ya kwanza akaniomba ruhusa ya kuugusa.

Mchungwa wa Gaston ulikuwa umebakiwa na tawi moja lenye ubichi. Mvua za kwanza ziliponyesha alikata humo vijiti sita, akavipachika kwenye mndimu wangu na kuvifunga kwa mpira, akianzia chini kwenda juu ili maji yasiingie. Mimi nilimshikia wembe. Tangu hapo kila asubuhi nilimkuta pale. Kijiti cha kwanza kikawa cheusi, kikafuata cha pili. Kilipokauka cha tano hakuwa akila tena, nami kwa hasira nikamwambia mti ni mti tu. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Halafu asubuhi moja niliona jani bichi kwenye kile cha sita. Nilimkimbilia, nikamvuta mkono hadi pale, nikiongea peke yangu kama kasuku. Aliinama. Chipukizi lilitoka upana wa kidole chini ya kifungo. Juu yake kijiti kilikuwa kimekauka. Alichuma jani, akalifikicha, akalinusa, akaninusisha. Ndimu.

Alifungua mkasi na kuuweka kwenye chipukizi. Nilingoja alikate, kama alivyokata machipukizi ya chini maisha yake yote. Akaufunga mkasi.

"Uiache tu, Mama Zakaria," alisema. "Ni ndimu yako. Ikomae."

Aliuweka mkasi wa Gaston mkononi mwangu, akarudi kwake. Nilimwona akiupita ule mchungwa aliozoea kukaa chini yake, bila kusimama.